Darasa la Kumi na Masomo Tunayoyaita ya Kujazia

Mimi nilisoma HKL. Mtanzania hahitaji maelezo zaidi, lakini wa Kongo na wa Kenya mtaniwia radhi: baada ya kidato cha nne mtu huingia tahasusi ya masomo matatu, na yangu ilikuwa Historia, Kiswahili na Kiingereza. Wenzetu wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, walikuwa madaktari kabla hata hawajafanya mtihani. Sisi wa HKL tuliulizwa na wajomba, kila harusi, tunategemea kula nini. Na kule ukishaingia mlango mmoja, mwingine umefungwa. Hujawahi kuona mtu wa HKL akirudi kuomba udaktari.

Hofu hiyo tulipanda nayo ndege. Hapa Brooklyn Park, kaskazini-magharibi ya Minneapolis, Marekani, tupo wengi: Wakenya, Watanzania, Wakongo, na majirani zetu Waliberia. Ukifika msimu wa kuchagua masomo ya mwaka ujao, kwenye Januari na Februari theluji ikiwa imejaa uani, wazazi wote macho yako kwenye hesabu na sayansi. Sehemu ya Kiingereza na masomo ya jamii mtoto anaambiwa, "We weka chochote, hayo ni ya kujazia."

Watoto wangu wawili wameshapita darasa la kumi, wa tatu yuko mbioni kuingia. Tena kwa kuwa nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee, mchana huwa napatikana, hivyo nimesindikiza familia nyingi kwenye vikao vya shule. Nilichokiona ni kwamba katika darasa la kumi, Kiingereza na historia ndiyo masomo yanayostahili kubishaniwa nyumbani, kuliko hesabu. Hesabu inajipanga yenyewe. Aliyemaliza jometri anaingia aljebra inayofuata, hata mzazi asipotia neno. Kwenye Kiingereza na historia kuna njia nne tano, zote zinampa mtoto krediti ileile, na hakuna atakayekupigia simu kukuambia kwamba mwanao amepita ile nyepesi.

Kwanza jinsi mambo yalivyo. Minnesota inadai krediti 21.5 ili mtoto ahitimu. Kati ya hizo, 4 ni za Kiingereza, yaani mwaka mmojammoja kuanzia darasa la tisa hadi la kumi na mbili, na 3.5 ni za masomo ya jamii: historia ya Marekani, historia ya dunia, jiografia, uraia na uchumi. Huwezi kukwepa. Daktari mtarajiwa na msanii mtarajiwa wanakaa darasa moja. Kwa hiyo lile swali letu la nyumbani, "sayansi au arts?", hapa halipo. Mtoto wa darasa la kumi anasoma vyote, na akiandika insha nzuri leo hajafunga mlango wowote wa kesho. Imenichukua muda kuwashawishi baadhi ya akina baba juu ya hilo, na wengine hawajashawishika mpaka sasa.

Swali ni Kiingereza kipi na historia ipi. Shule nyingi zina Kiingereza cha kawaida cha darasa la kumi na kile kigumu zaidi kinachoitwa Honors. Baadhi zina AP Seminar, somo la utafiti ambalo wakati mwingine huhesabiwa kama Kiingereza. Upande wa jamii kuna historia ya kawaida, au AP World History: Modern, au AP ya jiografia ya binadamu. Kisha yapo ya hiari ya nusu mwaka: hotuba, uandishi wa kubuni, uandishi wa habari, saikolojia. Hizi AP ni kozi za kiwango cha chuo zinazoendeshwa na College Board, shirika la mitihani. Mwezi Mei kuna mtihani, alama ni 1 hadi 5, na vyuo vingi vinakubali 3 au 4 kwenda juu kuwa krediti ya chuo. Mtihani mmoja ni karibu dola 100, ila wenye kipato kidogo wana punguzo. Ulizeni mapema, msingoje mtoto aje na bili.

Mwanangu wa kwanza alitaka AP World kwa sababu rafiki zake walikuwa wanaingia. Hiyo si sababu, nikamwambia, lakini nilikubali baada ya kuuona muhtasari wa kozi. Inaanzia takriban mwaka 1200, na sehemu yake ya pili inahusu njia za biashara, ikiwemo Bahari ya Hindi na miji ya Waswahili. Mimi ni mtu wa Lindi. Kilwa nimeijua kama mahali pa kupanda basi. Mwanangu, aliyezaliwa Minnesota na anayekula ugali kwa kubembelezwa, akaja kunieleza kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji. Nilijifanya nalijua hilo siku zote.

Kilichonishangaza zaidi ni namna walivyofundishwa. Ule mtihani una swali moja kubwa ambapo mtoto anapewa nyaraka saba: barua ya mfanyabiashara, ripoti ya ofisa, picha, ramani. Ana saa moja ya kuzisoma na kuandika insha yenye hoja yake mwenyewe, na alama nyingine zinapatikana tu akieleza aliyeandika waraka alikuwa nani, aliuandika kwa ajili ya nani, na hilo linaathiri vipi anachosema. Walifanya mazoezi ya hayo mwaka mzima. Meza yetu ya chakula ikawa imejaa karatasi zenye mistari ya kalamu za rangi.

Jioni moja, kabla sijaenda kazini, nilitaka kumwonyesha kwamba na mimi historia naijua. Nikamtajia sababu za Vita vya Maji Maji, vya kuwapinga Wajerumani Tanganyika, 1905 hadi 1907, kwa mpangilio uleule niliouandikia mtihani: kodi, kilimo cha pamba cha lazima, kazi za shuruti, ukatili wa maakida, kudharauliwa kwa mila. Vidole vitano. Akaniuliza, "Nani aliandika hizo, Mama?" Nikamwambia zilikuwa kwenye notsi, mwalimu aliandika ubaoni. "Na mwalimu alizipata wapi?" Nusura nimtume akaoshe vyombo.

Lakini swali lilikuwa halali. Upande wa bibi yangu ni Wamatumbi, na vita vile vilianzia huko kwao, Nandete, watu walipong'oa mipamba. Bibi hakuwahi kusema "sababu". Alisimulia alichosikia kwa wazee wake kuhusu mashamba, viboko na dawa ya maji ya Kinjekitile. Nikamweleza mwanangu hivyo, akaniambia huo ni waraka pia, na ni wa aina ambayo Mjerumani wa wakati ule asingeuandika. Baadaye akagundua kwamba mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam walipita vijijini kukusanya simulizi za wazee wa Maji Maji. Alisikitika kwamba hakuna aliyekwenda kumhoji bibi. Mimi nilikuwa nimesoma historia miaka sita ya sekondari, nikafaulu vizuri, na swali hilo halikuwahi kunipitia kichwani.

Hiyo ndiyo faida niliyoiona, kuliko ile 4 aliyoipata Mei. Gharama yake nayo nilishuhudia: kusoma kurasa nyingi karibu kila usiku, na majira ya baridi yaliyojaa manung'uniko. Mtoto ambaye bado anasoma Kiingereza polepole anaweza kuvunjika moyo kabla ya Desemba. Na masomo ya AP matatu kwa mkupuo katika darasa la kumi, kama ninavyoona yakitangazwa kwenye magrupu yetu ya WhatsApp pamoja na GPA ya watoto, mimi siungi mkono. Shule nyingine zinaongeza uzito wa alama za AP, nyingine haziongezi, na vyuo vingi vinajipigia hesabu yao upya. Sijaona mtoto aliyeingia chuo kwa sababu shangazi zake walipiga makofi kwenye grupu.

Binti yangu alikuja na hesabu zake. Anataka uuguzi, kwa hiyo Kiingereza chepesi kabisa, ili nguvu zote ziende kwenye baiolojia. Nilimwelewa. Lakini nafanya kazi na wauguzi kila usiku, na najua nusu ya kazi yao ni kuandika: hali ya mgonjwa saa nane usiku, alipewa nini, daktari aliambiwa nini. Muuguzi asiyejua kuandika kwa kueleweka anamweka mgonjwa hatarini, na kesho yake anaitwa ofisini kujieleza.

Basi badala ya kubishana juu ya jina la darasa, tukaenda kwenye usiku wa wazazi tukiwa na maswali. Nimeyatumia tena na tena tangu hapo, kwa watoto wangu na kwa watoto wa watu. Vitabu gani vinasomwa vizima, mwanzo hadi mwisho, na si vipande vya nakala? Insha za zaidi ya kurasa mbili ni ngapi kwa mwaka? Je, mtoto anaandika rasimu, inarudishwa na maoni, anaandika tena? Kiasi gani kinaandikwa darasani kwa mkono? Hili la mwisho limekuwa na maana zaidi tangu kompyuta zilipoanza kuwaandikia watoto insha. Kaunsela, yaani mshauri wa wanafunzi shuleni, hatakuwa na majibu ya maswali haya, wala si kosa lake. Anahudumia mamia ya wanafunzi, na chama chao chenyewe kinapendekeza wasizidi 250 kwa kaunsela mmoja, kiwango ambacho shule nyingi hazikifikii. Anayejua ni mwalimu wa somo. Mwandikie barua pepe. Walimu wa Kiingereza hawaulizwi maswali hayo mara nyingi, na niliowauliza walijibu kwa furaha, mmoja kwa ukurasa mzima.

Majibu yalitushangaza. Katika shule ile, darasa la Honors lilisoma vitabu vingi zaidi, lakini mwalimu wa darasa la kawaida ndiye aliyekuwa akirudisha rasimu mpaka mara tatu. Mwenye haraka angechukua Honors akidhani amemfaa mtoto. Binti yangu hatimaye hakuchukua lolote kati ya hayo mawili. Alisikia habari za AP Seminar, akauliza kama inahesabiwa kuwa krediti ya Kiingereza, akaambiwa ndiyo. Tulitaka jibu hilo kwa maandishi, tukalipata.

Katika somo hilo hakuna mada za kukariri. Wanafunzi wanaunda kikundi, wanachagua tatizo, kila mmoja anaandika ripoti ya utafiti ya maneno 1,200 kwa jicho moja, la kiuchumi, kisayansi au kimaadili, kisha wanawasilisha pamoja na kujibu maswali. Baadaye kila mtu anaandika insha yake ya hoja ya maneno 2,000 na kuiwasilisha peke yake. Mei kuna mtihani. Kikundi chake kilichagua usingizi wa wafanyakazi wa usiku. Nilihojiwa na watoto wanne sebuleni kwangu kama waziri, wakitaka kujua nalala saa ngapi na dereva wa gari langu anakuwa nani nikisinzia. Yeye alishika upande wa sayansi ya mwili, akalazimika kusoma makala za kitabibu na kuzieleza kwa maneno yake. Huyo ndiye aliyetaka Kiingereza chepesi kwa ajili ya baiolojia! Hakuipenda kazi ya kikundi, kwani kulikuwa na kijana aliyepotea mpaka wiki ya mwisho, na hilo nalo ni somo kwa atakayefanya kazi wodini.

Sasa nije kwa familia zinazonisumbua moyo zaidi. Kuna kijana alitoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ambako watoto wa Kikongo husoma mtalaa wa kwao kwa Kifaransa. Alipofika hapa umri wake ulimweka darasa la kumi moja kwa moja. Anajua Kibembe, Kiswahili, Kifaransa. Kiingereza ndiyo kwanza. Shule ikamweka kwenye madarasa ya kujifunza Kiingereza vipindi viwili kwa siku. Baba yake aliniomba niende naye. Njiani akaniambia, "Mama, miye nataka mutoto atoke mu ile klasi ya wageni. Bantu banamucheka."

Kikao cha kwanza alikuwa anatafsiri kijana mwenyewe. Mwalimu anasema jambo refu, kijana anamwambia baba yake, "Anasema niko vizuri." Nikasimamisha kikao. Shule inayopokea fedha za serikali inapaswa kumpa mzazi mkalimani bure, na si haki wala busara mtoto kuwa mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Tukarudi siku nyingine, mkalimani akiwa kwenye simu, na mambo yakawa tofauti kabisa.

Mzazi anayo haki ya kukataa huduma ya lugha kwa maandishi. Lakini mtoto ataendelea kupimwa kila mwaka kwa ule mtihani wa Kiingereza wa WIDA mpaka afikie kiwango, na wakati huo huo anakaa darasa la Kiingereza cha kawaida bila msaada. Kwa kijana yule ningeona ni kumtupa majini. Swali la maana zaidi lilikuwa jingine, na nusura lipite: vipindi vile viwili vinahesabiwa wapi? Tulipouliza, kimoja kilikuwa krediti ya Kiingereza, cha pili kilikuwa cha hiari tu. Hiyo ni sawa, mradi ujue. Nimekutana na kijana mwingine aliyefika darasa la kumi na mbili akiwa na krediti za hiari tele na Kiingereza pungufu ya 4, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha hesabu hiyo. Habari njema ni kwamba hapa Minnesota mtu anaweza kuendelea na sekondari ya umma bure mpaka miaka 21, hivyo hakuna sababu ya kukimbia.

Upande wa historia tulipata bahati. Shule ilikuwa na darasa la historia ya dunia lenye walimu wawili, mmoja wa historia na mmoja wa lugha. Kijana akaingia hapo. Mambo mengi alikuwa ameshayasoma kwa Kifaransa, kwa hiyo alichokosa kilikuwa maneno, akili ilikuwa imeshafika. Baba yake alipoelewa kwamba mwanawe ndiye anayejua Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 kuliko darasa zima, habari ya klasi ya wageni hakuitaja tena.

Na Kiswahili chao ni mali. Jimbo hili linatoa mihuri ya lugha mbili au zaidi kwa wanafunzi wanaofaulu mtihani wa lugha, na Kiswahili kimo. Ukiipata, vyuo vya umma vya mfumo wa Minnesota State vinakupa krediti za lugha. Darasa la kumi ni wakati mzuri wa kuanza kuulizia, hasa kwa mtoto anayekielewa Kiswahili lakini hakiandiki. Wangu wote wawili walianguka kwenye kuandika mara ya kwanza. Ngeli hazina huruma.

Jambo moja la mbele ambalo wazazi hawaliunganishi na darasa la kumi ni PSEO. Tangu 1985 Minnesota imeruhusu wanafunzi wa sekondari kusoma chuoni bila kulipa ada wala vitabu. Wa darasa la kumi na moja na kumi na mbili ndio wanaofaidi hasa. Wa kumi wanaruhusiwa kuanza na kozi ya ufundi tu. Kila mzazi anaifukuzia kwa sababu ni bure. Lakini miongoni mwa kozi za mwanzo anazokutana nazo mtoto chuoni ni ya uandishi, na alama atakazopata zinabaki kwenye rekodi yake ya chuo milele. Aliyepitisha darasa la kumi akijaza nafasi kwenye karatasi za mazoezi anafika pale hajawahi kuandika kurasa tano mfululizo. Nimewaona wakiacha katikati ya muhula.

Mdogo wao sasa ana karatasi mkononi. Kiingereza tumeelewana: darasa la kawaida, kwa yule mwalimu wa rasimu tatu, ambaye bado yupo. AP World anasema hataki, kaka yake alimtisha, nami sijamlazimisha; atasoma historia ya kawaida na tutaona. Kwenye nusu mwaka mbili za hiari ndipo tulipokwama. Anataka uandishi wa kubuni, na somo jipya liitwalo Ethnic Studies, la historia za wenyeji asilia, Waafrika, Waasia na Walatino wa Marekani, ambalo sheria ya jimbo ya 2023 inazitaka sekondari kuwa nalo kuanzia mwaka wa masomo wa 2026–27. Mimi nataka achukue hotuba, kwa sababu huyu hafungui mdomo mbele ya wageni. Amenijibu kwamba mtu anayejibizana na mama yake hivi hahitaji somo la hotuba. Baba yake amecheka, na kwa kucheka huko kura imekuwa mbili kwa moja. Hotuba nimeisogeza darasa la kumi na moja, kwa penseli.